Mtumbwi Hauna Paa

Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hilo lilisemwa na watu waliokwisha kufa, na maiti habishiwi. Kasoro yao ni moja tu: hakuna hata mmoja wao aliyeuonja mwezi wa pili wa Uswidi. Kwao, mtu akitakiwa kulala nje alichukua mkeka akajinyoosha barazani, mbu wakamla kidogo, kukacha. Hapa ukilala barazani kunakucha bila wewe.

Ndiyo maana Aloysius alikuwa akilala ndani ya mtumbwi. Kila asubuhi alitoka humo kama mtu anayefufuka kwa awamu: kwanza mkono, halafu kofia, halafu kikohozi, halafu Aloysius mwenyewe. Mtumbwi ulikaa juu ya magogo ndani ya banda kubwa la mbao, katikati ya wenzake waliolala kifudifudi kwenye vichanja. Godoro lake lilikuwa majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya chungwa. Ungeweza kusema hakuna aliyelala salama kuliko yeye Stockholm nzima. Hata yangekuja mafuriko, yeye angeelea tu.

Kazi yake ilikuwa kuitunza hiyo mitumbwi. Kiangazi watu wa mjini walikuja kuikodi, wakazunguka ziwani na watoto na mbwa, wakaigonga kwenye mawe, wakairudisha wakitabasamu. Majira ya baridi hakuja mtu. Ilikuja theluji tu, na Aloysius akaikomba juu ya paa la banda lisije likaporomoka, akapasua kuni, akaparua makafi na kuyapaka mafuta, akatoboa barafu kuchota maji. Basi lilikuwa linaishia kule barabarani. Kutoka hapo ulitembea msituni mpaka ukaanza kujuta.

Kibanda cha mlinzi kilikuwa chumba kimoja na jiko, na darini godoro la binti yao Malaika. Humo alikaa yeye, mkewe Cissy na huyo binti, mpaka alipokuja Bibi Aidah, mama yake Cissy. Bibi alikuwa akiishi Hallonbergen kwa mwanawe Conrad. Mwenye nyumba akaitaka nyumba yake, Conrad akahamia kwenye kochi la rafiki, na kochi halina nafasi ya mama wa mtu. Akaletwa msituni na begi lake na buti kuukuu za Conrad, maana viatu vyake mwenyewe vilikuwa vya Masaka, kusikoanguka theluji.

Siku hiyo hiyo Aloysius alichukua blanketi akatoka. Hakuna aliyemwambia. Yeye ni Msamia wa Busia, Bibi ni Muganda, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha kwa sababu hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenziwe. Lakini kwa jambo hili kwao huyu na kwao yule waliafikiana tangu zamani: mkwe hamshiki mkono mama mkwe, hamtazami usoni, halali alipolala. Atakayevunja atatetemeka mikono. Na Bibi alikuwa kwenye umri ambao mikono huanza kutetemeka yenyewe, hakutaka kujiongezea.

"Mlango," alisema Bibi kutoka ndani, kwa Kiswahili chake cha mpakani alikokuwa akiuza samaki wakavu, "mwambie huyo anayekohoa huko nje kwamba chai yake iko dirishani."

"Shoka," alijibu Aloysius, akilitazama shoka lake, "mwambie Mama tumeshukuru."

"Mlango, mwulize amelalaje."

"Shoka, mwambie Mama tumelala vizuri."

"Mlango, mwambie ni mwongo."

Malaika alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu awahi basi. Alifanya kazi kwenye duka la mikate Fittja. "Herregud," alisema, akamwita Mungu kwa Kiswidi kama alivyofanya kila alipochoka nao. "Jajja," akamgeukia bibi yake, "yupo hapo hapo. Mwite tu."

"Nimwite nani?" Bibi akashangaa. "Mimi nazungumza na mlango."

Simu ya Aloysius ikalia. Alikuwa Leokadia, mwenye mitumbwi, mjane wa Kipolandi aliyekaa Uswidi mpaka akaanza kuwalalamikia wageni. Nyonga yake ilikuwa mbovu, kiangazi kilichopita kilinyesha mwanzo hadi mwisho, na umeme wa mahali pale aliuangalia kwenye simu akiwa sebuleni kwake mjini, kama daktari anavyouangalia moyo wa mgonjwa.

"Aloysius, hita ya bandani inawaka."

"Ndiyo, Leokadia. Natia gundi."

"Mtumbwi upi?"

"Ule mwekundu. Umetoboka ubavuni."

"Nitumie picha."

Akatuma picha. Sheria ilikuwa hiyo. Mitumbwi mingi pale ilikuwa ya faiba, na gundi ya kuzibia faiba haikauki kwenye baridi. Ukiipaka bila joto inabaki kama makamasi. Kwa hiyo hita iliwashwa siku za gundi tu. Pasipo tundu, hakuna hita. Na Aloysius, ambaye zamani alikuwa fundi mwepesi, majira hayo aliziba kwa uvivu mkubwa: tundu ambalo lingemchukua mchana mmoja alilibembeleza wiki nzima, tabaka juu ya tabaka, apate joto lake kihalali. Harufu ya gundi ilimtoa machozi. Lakini alilala.

*

"Mwekundu ndio wa mwisho," alimwambia Cissy alasiri hiyo.

Cissy alikuwa ametoka zamu, Fittja pia, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Alikaa juu ya ndoo ya gundi iliyofungwa, koti bado mwilini, mikono inanukia sabuni ya watu wengine.

"Basi ingia ndani ulale kama mtu."

"Na Mama?"

"Mama atalala jikoni."

"Jiko lina paa lake?"

"Aloysius, hapa ni Sweden!"

"Mwambie mama yako hivyo. Akikubali yeye, mimi nitakubali."

Cissy alikwisha kumwambia, na mama yake alimjibu kwamba yeye hakusafiri na ndege mpaka huku kuja kumwaibisha mume wa mtu.

"Leo nilikuwa namwogesha mzee mmoja," alisema baadaye. "Akaniuliza mume wangu anafanya nini. Nikasema anatengeneza mitumbwi msituni. Akasema, lo, mtu huyo ana raha, ningekuwa yeye. Nikamkausha mgongo, nikamvalisha." Akaitazama ile mitumbwi. "Muombe Leokadia atufungulie kijumba kimoja cha wageni."

"Atauliza cha nani."

Hapo ndipo mazungumzo yao yalipogongana na ukuta kila siku. Siku walipopewa kazi, Leokadia aliwaambia wazi: watu watatu, shimo la choo ni dogo, na yeye hafugi ndugu wa watu. Cissy alijibu haraka kwamba hawana ndugu. Aliwakana wote kwa pumzi moja, kama Petro, isipokuwa jogoo hakuwika. Kule msituni hakuna majogoo. Na mkataba wa kiangazi ulikuwa bado. Leokadia angeutia saini barafu ikiondoka ziwani. Saini hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na kazi ndiyo ilikuwa kibanda, na nje ya kibanda kulikuwa na foleni ya nyumba ya Stockholm, ambayo watu huwaachia wajukuu.

"Nikiomba, tunatoka wote," alisema Aloysius. "Nikinyamaza, napata baridi mimi peke yangu. Mmoja ni nafuu."

"Utakufa humu."

"Nikifa, sanduku ninalo tayari."

Cissy alicheka, halafu akakasirika kwamba amecheka, akachukua mkoba wake akaingia ndani bila kufunga mlango wa banda.

*

Mwekundu ulikauka. Hita ikazimwa.

Asubuhi zilizofuata Aloysius alichelewa kufufuka. Mkono ulitoka, kofia ikakawia. Ndevu zake zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, akaonekana kama baba yake. Bibi Aidah hakupaswa kumtazama, na hakumtazama. Alikuwa akitazama dirisha, na kama kulikuwa na mtu upande wa pili wa dirisha hilo halikuwa kosa lake.

"Mbona ile hita haiwashwi?" alimuuliza Malaika.

"Hakuna mtumbwi uliovunjika, Jajja. Leokadia anataka picha."

"Picha ya nini?"

"Ya tundu."

"Ya tundu," Bibi akarudia taratibu, kama mtu anayepewa bei. "Yaani nchi hii mtu hapewi moto mpaka kitu kivunjike."

"Typ," Malaika akakubali kwa Kiswidi, akaondoka kwenda kwenye mikate yake.

Cissy naye alikuwa zamu. Aloysius alikuwa ameingia msituni kukata kuni. Kwenye mlango wa banda uliegemea mtaimbo wa kupimia barafu, mti mrefu wenye ncha ya chuma. Bibi Aidah alivaa buti za Conrad, akajifunga kitenge juu ya koti, akauchukua ule mtaimbo kama fimbo ya kutembelea, akaingia.

Alichagua mtumbwi wa kijani. Hakuwahi kutoboa mtumbwi maishani. Watu aliokaa nao walikuwa watu wa kuziba. Kwa hiyo wa kwanza aliupiga kwa ugeni, kwa mikono miwili, karibu na kiti cha mbele, kwenye tumbo kabisa. Faiba ikiganda huwa kama kaki. Ilitoa mlio mmoja, kaa!, hata mwenyewe akaomba msamaha kwa sauti.

Aloysius aliporudi alisimama mlangoni akiwa na mzigo begani. Tundu lilikuwa jeupe, jipya, na unga wake sakafuni. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo za buti kubwa zilizovaliwa na mguu mdogo, zinakwenda kama bata kutoka nyumbani mpaka bandani na kurudi, na kando ya kila hatua kidoa cha mviringo cha mtaimbo. Mtu anaweza kugombana na mkewe. Anaweza kugombana na tajiri wake, kwa adabu. Mungu mwenyewe unaweza kumnong'oneza neno. Lakini mama mkwe haulizwi. Aloysius alitua kuni, akakata tawi la msonobari, akazifagia zile nyayo moja moja mpaka mlangoni pa kibanda. Kisha akapiga picha, akawasha hita.

"Shoka," alisema wakati wa chai, "mwambie Mama kuna mtumbwi umepasuka kwa baridi."

"Mlango, mwambie pole. Baridi ya mwaka huu haina adabu."

Ikawa hivyo. Kila alipomaliza kuziba, baridi isiyo na adabu ilipita tena. Na ilikuwa inajifunza: matundu ya baadaye yalikuwa madogo, safi, mahali ambapo fundi anafika bila kupinda mgongo. Cissy aliona hita inawaka, akaona kikohozi kimepungua, akachagua kutouliza. Malaika alijua, naye akaendelea kufunga kamba za viatu.

Aliyeuliza alikuwa Leokadia.

"Mitumbwi yangu imelala ndani," alisema kwenye simu. "Hakuna wageni. Hakuna mawe. Kila wiki unanitumia tundu. Nani anaitoboa?"

"Baridi, Leokadia."

"Baridi inapasua mstari, Aloysius. Haitoboi duara. Barafu ikiondoka nakuja. Na mkataba nitakuja nao, tuone kama nitarudi nao."

*

Barafu iliondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, kwa shida, kama mgeni anayesahau kofia kila akiaga. Ilibaki bamba la kijivu kwenye kona yenye kivuli. Kwingine maji yalikuwa wazi, meusi. Leokadia akaja Jumamosi.

Bibi alikuwa amepandishwa darini na kuambiwa asikohoe. Leokadia hakuingia hata ndani. Alichechemea moja kwa moja hadi bandani, akaikagua mitumbwi kibandiko kwa kibandiko, akapitisha kidole juu ya gundi iliyokauka. Cissy na Malaika walisimama mlangoni. Kisha akaliona lile godoro la majaketi, blanketi, kikombe.

"Unalala hapa?"

Aloysius alianza kulikunja blanketi.

"Mke amekufukuza?" Alimuuliza mbele ya mke. "Sijali, ni mambo yenu. Lakini sasa naelewa. Unatoboa mitumbwi yangu upate kuota moto."

Aloysius alikuwa na njia ya kujiokoa, na njia hiyo ilikuwa imekaa darini na buti za Conrad. Akatazama sakafu.

"Ni mimi," alisema. "Niliiangusha wakati wa kuigeuza."

"Yote minne?"

"Yote."

Leokadia alitoa karatasi kwenye mfuko wa koti, akaitazama, akaikunja tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na uchovu wa tajiri ni mbaya kuliko hasira yake, kwa sababu haubembelezeki. "Mtu anayeangusha mitumbwi minne siwezi kumwachia kiangazi. Mkae mpaka mwisho wa mwezi."

Cissy alifungua mdomo. Kiswidi chote alichokuwa nacho, cha kuwaambia wazee wainue mkono na wageuke upande, hakikuwa na neno la hapo.

"Malaika!" Sauti ilitokea nyuma yao. "Mwambie huyo mama kwamba huyo mwanamume anasema uongo. Hajui kutoboa. Aliyetoboa ni mimi."

Bibi Aidah alikuwa amesimama uani, kitenge amejifunika usoni, mtaimbo mkononi. Kiswidi hakukijua, ila mtu anayejitwisha kosa alimtambua kwa sauti. Aloysius aligeuka haraka akautazama ukuta. Leokadia alimtazama aliyejifunika, akamtazama aliyegeukia ukuta.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu," alisema Cissy.

"Uliniambia huna ndugu."

"Sina ndugu. Huyu ni mama."

Malaika akaeleza. Alieleza kwa Kiswidi cha haraka, mikono mifukoni, akiona aibu mwanzoni, na kadiri alivyoendelea aibu ikampungua, mpaka mwisho akawa anaeleza kama mtu anayesimulia jambo la kwao. Paa moja. Hita. Picha. Mtaimbo.

"Amelala humu tangu lini?" Leokadia aliuliza.

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Badala ya kulala nyumba moja na mama wa mkewe."

"Ndiyo."

Leokadia akajishusha polepole juu ya ndoo ya gundi, nyonga ikimuuma. "Mama mkwe wangu alikaa chumbani kwetu mpaka alipokufa," alisema. "Na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna sheria."

Cissy alianza kutabasamu, akakatwa.

"Lakini mitumbwi ni yangu na ina matundu. Kiangazi atapanda mtoto wa mtu. Tutaijaribu leo, yote minne, mpaka lile boya ziwani na kurudi. Ukivuja mmoja, mnatoka kama nilivyosema." Akaunyooshea kidole mtaimbo. "Na aliyetoboa atakaa juu ya matundu yake. Aloysius atapiga kafi."

Malaika akatafsiri kwa sauti ndogo.

"Haiwezekani," alisema Cissy. "Mwambie mimi nitapanda."

"Ngoja kwanza," alisema Bibi. "Malaika, huo mtumbwi unakaliwaje?"

"Mmoja mbele, mmoja nyuma. Wote mnatazama mbele."

"Wa mbele hamwoni wa nyuma?"

"Hamwoni."

"Wa nyuma anaona nini?"

"Mgongo wako, Jajja. Na kitambaa cha kichwa."

"Mgongo huo hata muuza mkaa aliuona." Bibi akafikiri. "Na paa?"

"Jajja, ni mtumbwi."

"Nimeuliza paa."

"Hauna paa."

"Basi hiyo si nyumba," alisema Bibi Aidah. "Nileteeni jaketi."

Malaika alimchagulia jaketi ambalo halikuwa kwenye godoro la Aloysius, mambo yasije yakaharibika zaidi.

*

Wanawake walimkalisha Bibi mbele, miguu ikafunikwa blanketi la Cissy. Alipokwisha kuutazama upande wa ziwa, Aloysius akaingia nyuma, kimya, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Kafi likagusa maji.

Wa kwanza ulikwenda ukarudi mkavu. Wa pili pia. Leokadia alisimama gatini amejiegemeza kwenye kigingi, kila mara anainama kutazama ndani. Kwenye mtumbwi wa tatu Bibi ndipo aliponena.

"Ziwa," alisema, usoni pa maji, "mwambie huyo aliyeko nyuma kwamba mchuzi wa karanga wa juzi ulizidi chumvi. Najua."

"Ziwa, mwambie Mama ulikuwa mtamu."

"Ziwa, mwambie bado ni mwongo." Kafi likaingia, likatoka. "Na umwambie mimi sikulala huko ndani. Mtu anakohoa nje na wewe umelala kwenye joto lake. Usingizi unapitia wapi?"

Aloysius alipiga kafi mpaka walipolizunguka boya.

"Ziwa, mwambie Mama nilikuwa nikiuona moshi wa jiko alfajiri. Najua ameamka, chai inakuja. Nikaamka na mimi."

Wa tatu ulirudi mkavu.

Ukabaki wa kijani.

Ulikwenda vizuri mpaka boya. Walipoanza kurudi Bibi alihisi kitu kwenye soksi, kama ulimi wa mbwa. Akainua ncha ya blanketi. Pale pale alipopiga kwa ugeni, kwa mikono miwili, ukingo wa kibandiko ulikuwa umeinuka, na maji yalikuwa yakichungulia. Akaliweka buti la Conrad juu yake, akakanyaga kwa uzito wote aliopewa na Mungu. Maji yakapita pembeni.

"Ziwa," alisema taratibu, "mwambie huyo aliyeko nyuma asitazame chini."

"Ziwa, mwambie Mama miguu yangu imekwisha tazama."

"Basi mwambie apige kafi kama mtu asiye na haraka."

Akapiga kafi kama mtu asiye na haraka, jambo gumu kuliko yote kwa mtu ambaye kazi yake, kibanda chake na binti yake viko gatini vinamsubiri, na maji ya barafu yanampanda kwenye vifundo. Bibi alilitandaza blanketi toka magotini hadi sakafuni, akalikalia na ncha zake. Lilianza kunywa. Alikuwa amekalia ubaridi ambao hajawahi kuuza wala kununua, na uso wake ulikuwa kama wa bibi harusi anayepigwa picha.

Walipofika, Leokadia akainama.

"Huu?"

"Mkavu kama biskuti," alisema Bibi Aidah.

"Torrt," alitafsiri Malaika, akitazama mawingu.

"Mbona hainuki?"

"Anasema anatazama ziwa. Hajawahi kuingia ziwa la Uswidi."

Leokadia akaupeleka mkono chini, akaligusa blanketi, akaurudisha. Alivitazama vidole vyake. Alimtazama Aloysius, ambaye alikuwa akitazama kitambaa cha kichwa cha mama mkwe wake kama mtu anayesoma. Ndege mmoja wa majini alilia kule kwenye bamba la barafu, akanyamaza, akajuta. Leokadia akajifuta vidole kwenye suruali.

Alitia saini kwenye boneti la gari, kwa sababu nyonga haikutaka kurudi mpaka bandani. "Mama akae mpaka wageni wa kwanza," alimwambia Cissy. "Baada ya hapo sijui. Vijumba sifungui, sina umeme wa kuchezea." Aliingia, akawasha gari, akateremsha kioo. "Aloysius! Ule wa kijani uongeze tabaka. Mawili. Gundi wakati huu wa mwaka inakawia. Acha hita iwake wiki nzima."

"Nitakutumia picha."

"Sitaki picha," alisema Leokadia. "Nimechoka kutazama matundu."

Gari likapotea kwenye misonobari. Cissy alikaa chini pale pale kwenye matope, karatasi kifuani, hacheki wala halii. Kesho alikuwa na zamu ya asubuhi.

"Mama, inuka sasa," alisema.

"Siwezi. Miguu imekwisha kuwa ya Leokadia."

Malaika akamshika mkono mmoja, akavuta, haikutosha. Aloysius alikwisha kutoka, amesimama gatini, mikono yake mitupu na haina ruhusa. Akaliokota kafi. Akageuzia uso wake msituni, akamnyooshea Bibi upande wa ubapa, yeye akashika mpini. Bibi akaushika ubapa kwa mikono yote miwili. Binti akavuta huku, mkwe akavuta kule, na kizee kikatoka mtumbwini kinachuruzika kama nguo iliyosahauliwa mvuani.

Alisimama, meno yanagongana. Hakuliachia kafi, na upande wa pili halikuachiwa.

"Kafi," alisema, "mwambie mkwe wangu hiyo hita ni ya wiki moja tu. Na wiki ikiisha, mtaimbo najua unapokaa."

Aloysius aliendelea kuitazama misonobari.

"Kafi," alisema, "mwambie Mama safari hii apige ubavuni juu, mbali na kiti."